Tundu Lililorukwa

Nilivaa viatu vya kufunga kwa kamba kwa mara ya kwanza mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo miguu yangu ilikwisha kupanda na kushuka vilima vya Chonyonyo bila kitu chochote kati yake na ardhi, na vidole vilikuwa vimetanuka kama mizizi ya mgomba. Viatu vyenyewe vilikuwa raba nyeupe za turubai. Chuo cha ualimu kilitaka kila mwanachuo awe nazo kwa ajili ya michezo. Nilikaa kitandani nikizitazama zile kamba, nisijue zianzie wapi wala ziishie wapi, hadi kijana wa kitanda cha pili, mtoto wa mjini, alipomaliza kunicheka na kunifungia.

Alinifungia kwa msalaba, yaani kamba inakwenda kushoto na kulia ikipishana katikati hadi juu. Wiki haikuisha, mkufunzi wetu wa michezo, mzee aliyepata kutumikia King's African Rifles, akatuamuru tufumue zote. Yeye alitaka ngazi. Katika ngazi kamba zinalala sambamba juu ya kiatu kama vipandio, na kazi yote ya kupanda kutoka tundu hadi tundu inafichwa chini. Ni mtindo wa gwaride, nao unapendeza kweli. Alitufundisha pia kwamba mtu hujulikana tabia yake kwa kutazamwa kamba za viatu vyake. Maneno hayo niliyaamini kuliko mengi niliyosoma vitabuni, na niliyabeba mpaka nikawa mwalimu mkuu.

Msomaji wa makamo atakumbuka jinsi mitumba ilivyotujia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1996, shuleni kwangu, ambapo watoto wengi bado walikuja pekupeku, palikuwa na wavulana kadhaa wenye raba kutoka gulioni Omurushaka. Raba zilikuja na mitindo yake. Mmoja anaacha matundu mawili ya juu wazi na kuutoa ulimi wa kiatu nje. Mwingine anavaa kamba nyekundu mguu wa kulia na nyeupe wa kushoto. Mwingine anaizungusha kamba kifundoni mara mbili na kuifungia nyuma. Waliyaona hayo katika mabanda ya video. Mimi niliyaita uhuni, nikatangaza mstarini kwamba kila mwenye raba atafunga kwa msalaba au kwa ngazi, kamba nyeupe, matundu yote. Leo najiuliza ni nini hasa nilichokuwa nakiogopa. Madarasa hayakuwa na madawati ya kutosha, nami nahesabu matundu ya viatu!

Jumatatu moja nilimkuta mvulana wa darasa la sita ambaye katika raba ya kulia alikuwa ameruka tundu la tatu, huku na huku. Kamba ilipanda pembeni tu, ikaacha pengo katikati kama dirisha, kisha ikaendelea na msalaba wake. Raba ya kushoto ilikuwa sawasawa. Nilimwita mbele. Nilimchapa fimbo tatu, nikamwamuru afumue na kufunga upya shule nzima ikimtazama, na avute hadi ikaze. Alifanya hivyo bila neno. Kisha tukaenda mchakamchaka, kama kila asubuhi, mpaka barabarani na kurudi.

Aliporudi alikuwa anachechemea. Mwalimu wa zamu, mama mmoja ambaye hakupenda makelele, alimchukua nyuma ya ofisi akamvua raba. Juu ya mguu palikuwa na kovu lililovimba, alama ya jembe lililompata shambani miaka miwili nyuma, na ngozi yake ilikuwa imechunika. Soksi ilikuwa na damu. Kumbe kamba ilikuwa inapita juu ya kovu lile kila anapopiga hatua, naye, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amegundua kwamba akiliruka tundu lile, maumivu yanakwisha.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, “Samahani, Mwalimu.”

Yeye ndiye aliyeniomba radhi, mimi sikumwomba. Nilitoa fedha za kununulia dawa na pamba, nikarudi ofisini kuandika mahudhurio. Kesho yake niliona ameliruka tundu lile tena, nikapita kama sikuona. Niliona kwamba hiyo ilikuwa hisani kubwa kutoka kwangu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama kamba za viatu kwa jicho jingine, na nimejifunza mengi ambayo chuoni hatukuambiwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilifurahi mjukuu wangu aliponieleza juu ya Burkard Polster, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ambaye mwaka 2002 aliandika katika jarida la Nature juu ya jambo hili hili. Kiatu chenye jozi sita za matundu kinaweza kupitishiwa kamba kwa njia karibu trilioni 2. Hata ukiziondoa zile za kipuuzi, zinabaki maelfu kwa maelfu. Mimi niliruhusu mbili. Namshukuru bwana huyo kwa jambo moja: alionyesha kwamba kwa nguvu ya kuvuta kiatu, msalaba na ngazi ndizo zinazoshinda. Basi mzee wa King's African Rifles hakuwa amekosea kuhusu nguvu. Lakini mguu hautaki nguvu mahali pote.

Mguu uliokulia pekupeku, kama wangu, ni mpana mbele na mwembamba kisigino. Ukiukazia kamba kuanzia chini, vidole vinabanwa. Dawa yake ni kulegeza matundu ya chini, au kuliruka la pili, na kukaza kuanzia katikati kwenda juu. Tena piga kisigino chini kwanza, mguu urudi nyuma ya kiatu, ndipo uvute.

Kwetu, ambako kila safari ina mteremko, kuna taabu nyingine: ukishuka, mguu unasukumwa mbele na kucha zinagonga kiatu hadi zinakuwa nyeusi. Wanariadha wana ujanja wa kuzuia hilo, na raba nyingi za siku hizi zina tundu la ziada kwa ajili yake. Kamba ikifika tundu la pili kutoka juu, usivuke; iingize katika tundu la juu la upande ule ule, ibaki sikio dogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha kamba ya kulia ipite katika sikio la kushoto, na ya kushoto katika la kulia, ndipo uvute na kufunga. Kisigino hakiinuki tena.

Na fundo lenyewe. Ukianza kwa kupitisha kulia juu ya kushoto, basi unapofunga vitanzi pitisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule, vitanzi vitasimama kufuata urefu wa mguu, na fundo litafumuka njiani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza sababu mwaka 2017: kishindo cha mguu kinalegeza fundo, na ncha zinazopepea zinalivuta. Nilifunga vibaya kwa karibu miaka hamsini, huku nikiwakagua wengine.

Siku hizi miguu yangu huvimba jioni. Mjukuu wangu aliniletea raba nyeusi kutoka Mwanza, akaninyooshea mguu mapajani mwake, akabonyeza pale juu panaponiuma. “Hapa, Babu?” Nikaitikia. Akaliruka tundu la tatu, huku na huku. Nilitazama lile dirisha dogo, nikashindwa kumwambia asante.

Yule mvulana yuko hai na yuko hapa hapa. Analima kahawa, ana watoto shuleni. Mwaka jana tulikutana gulioni. Aliniamkia kwa kuinama, “Shikamoo, Mwalimu,” akanipokea mfuko wangu wa maharage na kunisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa miaka mingi. Nilitazama chini kwanza, nione amefungaje. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye alikuwa amevaa mabuti ya mpira.