Ufa Chini ya Mpira

Mwaka jana nilipofika nyumbani Kyotera kwa likizo, nilikuta gari la baba limeegeshwa chini ya mwembe na kaka yangu hasemi na baba. Wala sikuhitaji kuuliza sana ili kujua kwamba mambo hayo yanahusiana.

Gari letu ni la Kijapani, la mwaka 1994, lenye injini ya petroli ya silinda nne. Kwa miaka sita kaka amelitumia kubeba abiria kati ya Kyotera na Masaka, na ada yangu ya chuo kikuu hutoka humo. Sasa lilikuwa limepata ugonjwa. Asubuhi liliwaka bila shida, lakini likishapata moto, kila liliposimama injini ilianza kutetemeka, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Ukikanyaga mafuta lilitulia kana kwamba halijawahi kuugua. Abiria walichoka kuzimikiwa na gari kila kituo, wakaanza kulikwepa.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne na filta ya petroli, akalipwa. Baada ya siku mbili gari likazimika tena. Aliporudiwa, alimwambia baba kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Baba akajiuliza swali moja tu: nani hununua petroli? Ni kaka. Basi kesi ikaishia hapo. Baba aliamini kwamba kaka hununua mafuta ya jerikeni kando ya barabara kwa bei ya chini na kutia mfukoni kinachobaki. Akamnyang'anya ufunguo. Gari lilikaa chini ya mwembe wiki tatu, likiwa na robo tangi ya petroli ileile iliyoshukiwa.

Usiku kaka aliniambia, "Mdogo wangu, sijawahi kununua mafuta ya jerikeni hata siku moja. Lakini fundi ameshasema. Mimi ni nani wa kubishana na fundi?"

Shangazi yetu, ambaye ana duka Mutukula mpakani, ndiye aliyetuambia kuhusu mzee mmoja, Mtanzania kutoka Bukoba, aliyefungua gereji upande wetu wa mpaka. Baba alikubali kwenda, ila alitaka nimfuate nimtafsirie, kwa kuwa mzee huyo huzungumza Kiswahili. Baba anakijua kidogo na hakipendi. Watu wa rika lake walikisikia kwanza vinywani mwa askari waliowasimamisha barabarani. Nilipomwambia kwamba nitasoma Kiswahili chuoni, aliniuliza kama ninataka kuwa mwanajeshi.

Tulifika gerejini mchana. Nilimwamkia fundi, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaifuta mikono yake na kutazama gari bila kufungua boneti. Kisha akauliza, "Gari inakosa sailensi ikiwa ya moto au ya baridi?"

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa Kiswahili. Nilikuwa nimechambua tamthilia na kuainisha ngeli, lakini neno hilo sikuwahi kulisikia. Nilidhani amesema sailensa, ile ya bomba la moshi, nikamtafsiria baba hivyo. Baba alikasirika. "Mwambie bomba la moshi ni jipya! Asianze na yeye kuniuzia vitu!"

Fundi alicheka nilipomweleza. Alisema, "Sailensi, kijana. Ule mngurumo mdogo injini inapokaa bila kukanyagwa." Nikaona aibu. Na mimi nilikuwa nimefanya kama yule fundi wa kwanza: nimesikia nusu, nikatoa jibu zima. Tangu hapo kila neno nisilolijua niliuliza kwanza. Alipotaka kujua kama gari lina misi, nilimuuliza maana yake, akanieleza kwamba ni pale silinda moja inaporuka bila kuwaka.

Jambo la kwanza baba alilotaka lipimwe ni petroli. Fundi alichota kidogo kutoka kwenye tangi, akaimimina ndani ya chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha itulie. Hakuna maji yaliyojitenga chini. Kisha akaniomba karatasi. Nilichana ukurasa wa daftari langu, akadondosha matone mawili juu yake. Tulisubiri. Petroli iliruka yote, karatasi ikabaki kavu bila alama. "Mafuta ya taa hayaruki hivi," alisema. "Yangeacha doa la mafuta hapa. Petroli yenu ni safi." Nilimtafsiria baba neno kwa neno. Hakujibu. Aliichukua ile karatasi, akainusa, akaikunja na kuitia mfukoni.

Fundi akawasha injini, akaiacha ipate moto mpaka ikaanza kutetemeka. Kwa koleo yenye mpira mkononi alichomoa waya za plagi, mmoja baada ya mwingine, akirudisha kila mmoja kabla ya kugusa unaofuata. Kila alipochomoa, injini ilizidi kudhoofika. Alinieleza kwamba hiyo ni habari njema: silinda ambayo imelala, ukichomoa waya wake injini haibadiliki. Kwa hiyo zote nne zilikuwa zinafanya kazi, ila zote zilikuwa na njaa. Akazima, akafungua plagi. Ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Zetu zilikuwa nyeupe, zote nne. Maana yake hewa imezidi.

"Hewa inatoka wapi?" niliuliza.

"Hilo ndilo swali," alijibu.

Alinionyesha kipimo kilicho baada ya filta ya hewa. Hewa yote inapaswa kupita hapo ihesabiwe, na kompyuta ya gari hutoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikipenya mahali pengine mbele ya kipimo, haihesabiwi wala haipewi petroli yake. Injini ikiwa kwenye sailensi huvuta hewa kidogo tu, kwa hiyo hata tundu dogo huvuruga mchanganyiko wote. Ukikanyaga mafuta huvuta hewa nyingi, na ile ya wizi inakuwa kama tone ndani ya ndoo. Na asubuhi? Injini ya baridi huongezewa petroli mpaka ipate moto, ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unajificha. Nilijikuta ninaelewa kila alichosema kaka tangu mwanzo. Dalili zote alikuwa amezitaja. Hakuna aliyemsikiliza.

Baada ya hapo fundi aliiwasha tena, akazungushia koleo kitambaa na kuanza kubana mipira ya hewa mmoja mmoja. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu ulikuwa mpira mfupi unaochukua mvuke wa oili kutoka juu ya injini na kuurudisha ndani ukaungue. Alipoubana, injini ilitulia. Alipouachia, ikatetemeka. Akabana tena, ikatulia. Baba, ambaye alikuwa amesimama mbali amefunga mikono, alisogea.

Mpira ulipotolewa, juu ulionekana mzima kabisa. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, oili ilikuwa imeulainisha kwa miaka mingi mpaka ukapasuka ufa mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Injini ikipata moto, mpira ulilegea na ufa ukafunguka. Fundi alikata kipande cha mpira mpya wa kustahimili oili, akakikaza kwa klipu mbili, akarekebisha na skrubu ya sailensi ambayo mtu alikuwa ameipandisha ili kuficha tatizo. Kazi yote, pamoja na mpira, ilikuwa shilingi 20,000 za Uganda. Plagi ambazo hazikuwa na kosa zilikuwa zimetugharimu zaidi ya hapo.

Tuliacha gari linguruma nusu saa nzima, moto kamili, na halikuzimika.

Njiani kurudi Kyotera baba hakusema neno, na mimi nilikuwa nafikiria ile methali tuliyoikariri sekondari, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa nimeiandika katika insha nyingi, na mara zote ufa wangu ulionekana mbele ya macho. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi kubwa ni kuutafuta. Fundi wa kwanza hakuutafuta. Baba naye hakuutafuta. Na mimi, mwanafunzi wa lugha, nilikaribia kuupoteza kwa neno moja nililodhani ninalijua.

Jioni kaka alikuwa ameketi kibarazani. Baba alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza, ukurasa mtupu wenye mistari ya bluu, akaweka ufunguo juu yake. Kwa Kiganda sijawahi kumsikia akimwomba mtoto wake msamaha, na hata siku hiyo hakufanya hivyo. Alisema kwa Kiswahili, kwa neno alilolisikia gerejini mchana kutwa:

"Mimi ndiyo ilikosa."

Ngeli haikuwa sahihi. Kaka, ambaye Kiswahili chake ni cha vituo vya abiria, alielewa. Alikaa kimya kidogo, akachukua ufunguo kwa mikono miwili, akamwambia, "Asante, baba." Mimi sikusahihisha kitu.