Bluu Haitaki Haraka

Neno fataki lina bahati mbaya nchini kwetu. Kampeni ile ya redio ililigeuza kuwa jina la mzee anayewinda wanafunzi, kiasi kwamba nilipomwambia mama, kule Bariadi, kuwa jioni zangu zinaishia kwenye fataki, alinyamaza kwenye simu. Ikabidi nifafanue: zile za angani, mama, za mkesha wa mwaka mpya. Akacheka, kisha akauliza, “Sasa umewasha ngapi?”

Hata moja. Nina miaka miwili na madaftari mawili yaliyojaa, na sijawasha hata moja.

Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Fataki si utafiti wangu, ni mapenzi tu, na nilianzia kwenye rangi. Strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, sodiamu manjano. Bluu ndiyo inayowanyima mafundi usingizi. Hutokana na shaba iliyoungana na klorini, na muungano huo hauvumilii joto kali. Moto ukizidi, unavunjika na rangi inapauka. Moto ukipungua, mwanga unafifia. Fundi anatafuta upenyo mwembamba katikati. Na chumvi ni adui: ile ya jasho la kidole tu inatosha kuufanya mwali wa maabara uwe wa manjano. Kurasa kumi na moja za daftari la kwanza ni bluu peke yake.

Kisha nikasoma historia. Mojawapo ya maandishi ya kwanza kabisa kuhusu mchanganyiko unaofanana na baruti, ya China ya karne ya 9, si maelekezo ya kuutengeneza. Ni onyo. Watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kuishi milele waliungua mikono na nyuso, hata nyumba ikateketea.

Kwetu onyo hilo halihitaji mkalimani. Simiyu ni mkoa wa pamba. Msimu wa mavuno utakuta nyumba ambayo sebule nzima ni pamba, imerundikwa ikisubiri kupelekwa chama cha msingi, na watoto wanafukuzwa na kibatari chao kama wezi. Na pamba yenyewe haina upole tunaoudhania: mwaka 1846 Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, alitangaza kuwa ameigeuza kuwa kilipuzi. Zao hilohilo ndilo lililonilipia ada.

Desemba iliyopita mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 14, alinipigia.

“Shikamoo dada. Wewe si mkemia? Nifundishe baruti ya viberiti.”

Kijana wa mtaa wa pili ana vidole vitatu mkono wa kushoto kwa sababu ya mchezo huo. Mdogo wangu anacheza naye mpira kila jioni. Lakini ukiwa na miaka 14, vidole vya mwenzio havikufundishi. Unaamini wewe utakuwa mwepesi zaidi.

Ningeweza kumtajia Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 na leseni zake. Angeitikia “sawa dada” na kwenda dukani kununua viberiti. Nikamuuliza: kwa nini njiti inawaka ukiisugua ubavuni mwa boksi, lakini si ukutani? Hakujua. Nikamwambia atafute, akipata anipigie.

Alichukua siku nne, na katika siku hizo nne sikulala vizuri. Aliporudi alikuwa na jibu: fosforasi nyekundu imepakwa kwenye boksi, haimo kwenye njiti. Vimetenganishwa makusudi.

“Kumbe hata waliotengeneza kiberiti walikuwa wanaogopa,” alisema.

“Sana,” nikamjibu. “Ndiyo maana kiko mfukoni mwa kila mtu.”

Wazee husema subira yavuta heri. Katika fani hii subira huacha vidole mahali pake, nayo si kukaa bure. Ni kuuliza jambo ambalo jibu lake litakuchosha kabla ya mkono kugusa chochote. Nikipata siku moja fundi mwenye leseni wa kunisimamia, nitawasha. Nisipompata, rangi nitakuwa nazijua.

Mdogo wangu sasa ana daftari lake. Juzi aliuliza kwa nini bluu ni ngumu kuliko nyekundu. Jibu ninalo, kurasa kumi na moja. Nikamwambia atafute.