Tulipompandisha Bibi Ghorofani Aione Bahari

Sisi watu wa Ubaruku hatuhitaji kupanda juu ili tuone mbali. Bonde la Usangu ni tambarare. Mtu akisimama kwenye tuta la mfereji, mashamba ya mpunga humfungukia mpaka macho yachoke, na milima husimama pembeni kama ukuta wa uwanja. Kwa hiyo kijana wetu anayefanya kazi Dar es Salaam alipotuambia kwamba atatupeleka kula juu ya paa la ghorofa, sisi wazazi wake tulitazamana tukacheka. Bibi peke yake hakucheka.

Bibi huyu, mama mzaa baba wa nyumba yetu, alikuwa ameishi miaka mitatu katika ukungu wa mtoto wa jicho. Baada ya mavuno tulisafiri naye kwa basi kutwa nzima, tukateremka mlima Kitonga na kuikata mbuga ya Mikumi, ili atibiwe mjini. Alhamdulillah, upasuaji ulifaulu. Siku daktari alipomruhusu kurejea nyumbani tulimwuliza anatamani nini kabla ya safari. Akajibu kwamba bahari amekuwa akiisikia tangu utoto katika visa vya mahujaji wa zamani waliokwenda kwa meli, lakini hajaiona hata mara moja. "Nionyesheni sasa," alisema, "maana sijui kama nitarudi tena huku."

Kijana wetu alichagua mahali kama wachaguavyo vijana wengi: alitazama picha kwenye simu. Picha zilimwonyesha bahari, taa na matakia mazuri. Hazikumwonyesha kinywewacho mezani. Akalipa arbuni, wala hakututajia kiasi chake. Nasi tulifurahia heshima tuliyofanyiwa, tusiulize neno. Kosa lilikuwa letu sote.

Tulifika baada ya swala ya Alasiri. Lifti ilituinua, Bibi akiwa amemshika mjukuu wake mkono, na mlango ulipofunguka bahari yote ilikuwa mbele yetu. Chini palikuwa na mlango wa bandari. Pantoni ya Kigamboni ilikuwa inavuka, imejaa watu na magari, na mbali nje meli zilikuwa zimetia nanga zikisubiri kuingia. Bibi alishika ukingo kwa mikono miwili, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Maji yote haya, na hakuna anayegombea zamu!" Aliyewahi kukesha kwenye mfereji akilinda zamu yake ya kumwagilia mpunga ataelewa kwa nini tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Jua lilipoanza kuinama, watu wakaongezeka, na pamoja na watu zikaja chupa. Meza tuliyopewa ilikuwa ndefu, ya kushirikiana, na upande wa pili waliketi wageni wengine wakaanza kumiminiwa. Hukumu tuliijua. Mtume (s.a.w) ametuonya tusiketi kwenye meza inayozungushwa pombe, na onyo hilo halituondokei kwa kuwa glasi zetu sisi zina maji ya matunda. Lakini tulimtazama kijana wetu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na jasho limemtoka usoni ilhali upepo wa bahari ulikuwa ukivuma. Alikuwa ametoa akiba yake ili amfurahishe bibi yake. Kusimama kwa kelele kungemwaibisha mbele za watu. Kuendelea kuketi kungemfundisha kwamba dini huwekwa kando pindi mtu akishalipa.

Mmoja wetu alikwisha fungua kinywa ili amkemee, lakini Bibi akatangulia. "Mume wangu," alimwambia, kwa jina alilomwita tangu angali mchanga, "macho yangu yameshiba. Nipeleke tukaiwahi Magharibi."

Tuliondoka kwa utulivu, tukawashukuru wahudumu. Arbuni haikurudi. Tulisali katika msikiti wa jirani, na njia nzima ya kurudi kijana hakusema kitu. Usiku ule, nyumbani kwake, ndipo alipotuambia lililokuwa moyoni: alitaka tuone kwamba naye amefika. Tulijikumbusha jinsi Luqmani alivyomnasihi mwanawe kwa upole, tukamjibu kwamba aliyemleta bibi yake apate kuona, kisha akainuka naye mara moja alipoambiwa twende, amefika pazuri.

Tiketi tukazisogeza mbele siku moja, na asubuhi tukaketi pamoja kuchagua upya. Safari hii tulianza na maswali, nayo tunawaachia wasomaji wenye safari kama yetu. La kwanza ni kama pombe inauzwa mahali hapo. Kuambiwa tu kwamba nyama ni halali hakutoshi. La pili ni mahali pa kusali, kwa wanaume na kwa wanawake. La tatu ni lifti: je, inafika hadi juu kabisa, au ngazi za mwisho hupandwa kwa miguu? Kwa mzee, ngazi ishirini zaweza kuwa safari nzima. La nne ni ukingo, kama mtoto anaweza kupenya. La tano ni bei, pamoja na kodi na ada ya huduma, ili mwenye kualika asije akatahayari mwishoni.

La sita ni wakati. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam huitazama bahari upande wa mashariki, kwa hiyo anayengoja jua lizame majini ataliona likizama nyuma ya majumba. Hilo ni tunda la Mji Mkongwe wa Unguja, unaoelekea magharibi. Hapa maji hupendeza asubuhi, au Alasiri jua likiwa mgongoni. Tena anayekwenda baada ya Alasiri hushuka kwa wakati, akaiwahi swala bila kukimbizana na chakula.

Maswali hayo yalitufikisha Kariakoo, katika nyumba ya wageni ambayo orofa yake ya mwisho ina mgahawa mdogo, wenye viti vya plastiki na pilau ya kusifika. Tuliliona paa la soko, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lenye miavuli ya zege iliyopinduliwa ili ikinge mvua. Bibi aliposikia kwamba miavuli ile ilijengwa kwa ajili ya kuvuna maji, alisema kwamba aliyeichora angefaa kuwa mkulima. Zaidi ya hapo palikuwa na matangi ya maji, nguo zilizoanikwa, minara ya misikiti, na kwa mbali kipande cha bahari kisichozidi upana wa kanga. Adhana ilipoanza msikiti mmoja, mwingine ukadakia, kisha mwingine, mpaka mji mzima ukawa chini yetu unaitwa kwenye swala.

Tumerudi Ubaruku, na majirani wamekuja kumpa pole Bibi na kumwuliza habari za mjini. Hasimulii hoteli wala chupa, na arbuni hajui hata ilikuwa kiasi gani. Husema, "Bahari nimeiona, na mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha." Sisi tukisikia, hunyamaza. Laiti tungalimkemea siku ile, labda sentensi hiyo isingekuwapo leo.

Allah atujaalie wazee wetu wayaone mema, na vijana wetu awape upole wa kuongoza na wa kuongozwa. Amin.