Swali la Binti Yule Siku ya Mahafali

Mwaka jana nilialikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya Kikatoliki katika nyanda za juu za Mbulu, mwendo usio mrefu kutoka Daudi nilikozaliwa. Baada ya risala, ngonjera na zawadi, niliomba nizungumze na wanafunzi bila maandishi. Nikaionyesha picha iliyotundikwa juu ya jukwaa, ya padre mwembamba wa Kirumi, nikauliza: “Huyu ni nani, na amewafundisha nini?” Mikono mingi ikainuliwa. Ni Mtakatifu Visenti Palloti, mwanzilishi wa shirika la wamisionari waliotujengea misingi. Alizaliwa Roma tarehe 21 Aprili 1795, sikukuu yake ni tarehe 22 Januari, nasi humwomba atusaidie kufaulu mitihani.

Ndipo binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama nyuma kabisa. Aliniamkia kwa adabu, kisha akauliza: “Mwalimu, tumesoma kwamba mtakatifu huyu aliwafundisha vijana maskini jioni, baada ya kazi zao. Sasa mbona wenzetu wanne wako nyumbani kwa sababu ya ada?”

Ukumbi ulinyamaza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kujibu maswali, nikasema maneno mengi kuhusu gharama za uendeshaji na uvumilivu wa wazazi. Walinipigia makofi. Binti akaketi. Nami tangu siku ile sijaketi kwa amani, na ndiyo maana ninaandika makala hii.

Ndugu msomaji, pengine utauliza padre wa Roma aliyekufa mwaka 1850 anahusianaje na Wairaqw wa Mbulu. Mapadre Wapalloti kutoka Ireland walifika kwetu mwaka 1940. Hawakuwa wa kwanza kuihubiri Injili huko, lakini ndio waliokabidhiwa eneo hilo. Mwaka 1943 Mbulu ikawa eneo la kitume linalojitegemea, na mwaka 1953 ikawa jimbo, huku Mpalloti, Patrick Winters, akiwa askofu wake wa kwanza. Kizazi cha wazazi wangu kilijifunza kusoma katika mazingira hayo: darasa la udongo, ubao mmoja, na baridi ya asubuhi inayoganza vidole.

Mimi nilikutana na Palloti nikiwa darasa la tatu, na sababu ilikuwa aibu. Nilikuwa mzito wa kuelewa. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw tu, na Kiswahili cha vitabu kilinipita kama mawingu yanavyoupita mlima. Wenzangu walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Siku moja mwalimu wetu wa dini, badala ya kunikemea, alitusimulia kwamba Visenti naye alipokuwa mtoto alishindwa masomo, hata mwalimu wake akamwona kuwa ni mtoto mwema lakini mwenye kichwa kigumu. Mama yake alisali novena kwa Roho Mtakatifu, na baada ya hapo mtoto akafunguka. Baadaye alipata shahada ya udaktari na akafundisha katika chuo kikuu cha Roma.

Sikuanza kufaulu kesho yake. Ila nilianza kukaa dawati la mbele. Mtoto aliyekwisha kuhukumiwa kuwa mjinga huhitaji ushahidi mmoja tu kwamba hukumu inaweza kutenguliwa, nami niliupata kwa mtu wa mbali ambaye sura yake ilikuwa ukutani kila siku. Kwa hiyo siwadharau wanafunzi wanaomwomba mtakatifu wao wafaulu. Ninawaelewa kuliko wanavyodhani.

Lakini kumbe nilikuwa nimechukua nusu ya urithi. Mtakatifu aliyenisaidia kupanda ngazi sikumwuliza ngazi ile inaelekea wapi. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, nikawa mhadhiri, na kila hatua niliihesabu kuwa jibu la sala. Palloti wangu alikuwa mlinzi wa vyeti. Ninapotazama maofisa wengi wa umma waliopita katika shule za watakatifu, wenye rozari ndani ya gari na mafaili ya wananchi yaliyolala mezani, ninaona kwamba sikuwa peke yangu.

Palloti halisi ni mtu wa kusumbua. Aliwaandalia mafundi na vibarua vijana wa Roma masomo ya jioni, kwa sababu mchana walikuwa wakitafuta mkate. Kipindupindu kilipoupiga mji mwaka 1837, alikwenda kwa wagonjwa wakati wenye uwezo walikuwa wakikimbia. Alifungua nyumba ya kuwalea mabinti yatima. Ugonjwa uliomuua wenyewe una habari yake: inasimuliwa kwamba wakati wa baridi kali alimpa maskini joho lake, akaketi kuungamisha watu bila joho hilo, homa ikampata.

Zaidi ya matendo hayo kulikuwa na wazo. Mwaka 1835 alianzisha umoja wa utume uliowaunganisha mapadre, watawa na walei, akiamini kwamba kila mbatizwa, awe mwanamke au mwanamume, msomi au mchunga mbuzi, ametumwa. Utume si kazi ya wenye kanzu peke yao. Leo maneno hayo ni ya kawaida, lakini wakati ule yaliwatia wakubwa wasiwasi, kwani walioamini kuwa utume ni mali ya maaskofu waliliona jina lenyewe kuwa ni kujitwalia madaraka. Miaka minne tu baada ya kifo chake, mwaka 1854, shirika lake lilibadilishwa jina, na jina la awali halikurudishwa hadi mwaka 1947. Papa Yohane wa 23 alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 20 Januari 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa umekwisha kufunguliwa. Mwaka 1965 Mtaguso huo ukatoa hati nzima kuhusu utume wa walei. Wazo lililotiliwa shaka likawa fundisho la Kanisa zima.

Sisi wa Mbulu tulipaswa kulielewa kabla ya Roma, kwa maana tuliliishi. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango. Padre alifika mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili mvua isipokata njia. Siku nyingine zote waliofundisha watoto, waliozika wafu, waliopatanisha majirani waliogombania mpaka wa shamba, walikuwa walei wenye jembe mkononi. Hakuna aliyewapa gari wala posho ya kikao. Kama wangesubiri mwenye mamlaka aje, kigango kingekufa.

Taifa letu nalo lina mfano wake. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mlei, mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1955, baada ya kutakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi yenye mshahara. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005. Siandiki haya ili kuamua kama alikuwa mtakatifu. Nina hoja zangu dhidi ya baadhi ya maamuzi yake, nazo nimekwisha kuziandika. Ninasema tu kwamba alielewa kuwa elimu aliyopewa ilikuwa deni. Ndiyo roho ya maandishi yake ya mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea: msomi asijione mtu wa daraja jingine juu ya wale waliomlipia.

Sasa nirudi kwa swali la binti. Haki inanitaka niseme kwamba shule ile haina ukatili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizileta shule nyingi za misheni chini ya serikali, na milango ilipofunguliwa tena Kanisa lilijenga upya, nyingi kwa kutegemea ada. Tangu Januari 2016 wanafunzi wa shule za umma hadi kidato cha nne hawalipi ada, lakini shule za namna hii hulipa walimu, chakula na umeme kwa fedha za wazazi. Mkuu wa shule asiyekusanya ada atafunga shule, na hapo hata wanaobaki watakosa. Hilo ndilo nililolisema siku ile, na ni kweli.

Tatizo ni kwamba nililisema kama mtu asiyehusika. Nilimjibu kana kwamba swali ni baina ya shule na wazazi maskini, na mimi ni mgeni aliyeletewa maua. Palloti asingeniruhusu. Kama kila mtu ametumwa, basi wa kwanza kuulizwa walikuwa wale waliokaa viti vya mbele: mhadhiri, ofisa wa halmashauri, mfanyabiashara wa ngano, daktari. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule hizi hizi.

Baada ya mahafali nilimtembelea mama yangu Daudi, nikamsimulia. Akacheka kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Ng’ombe aliyeuzwa niende kidato cha kwanza hakutosha. Pengo lililobaki lilizibwa na yule mwalimu wa dini, kwa mshahara wake, kwa mihula miwili, kwa sharti kwamba nisiambiwe. Mwalimu huyo amekwisha kufariki. Nilikuwa nikimshukuru mtakatifu wa Roma kwa muujiza uliokuwa na jina, nyumba na watoto wa kulisha hapa hapa kijijini.

Juma lililofuata nilimpigia simu mkuu wa shule, nikamwomba idadi ya deni la wale wanne bila majina yao. Niliwaandikia watu tisa niliosoma nao. Saba walijibu, na deni la muhula ule likalipwa. Najua hii si sera ya elimu, nami nitaendelea kudai sera bora kwa kalamu hii. Lakini aliyeungojea mfumo utengenezwe ndipo atoe joho lake, mwenzake atakuwa amekwisha kuganda.

Muhula huu wanne hao wako darasani. Madeni mengine yameingia, na orodha ya watu tisa imefika ishirini na mmoja. Mwezi Januari, siku ya sikukuu, nimeomba niende tena, safari hii bila kukaa jukwaani. Nitamtafuta binti yule, maana sikumwuliza hata jina, nimpe jibu alilostahili siku ile: kwamba aliyeulizwa nilikuwa mimi.