Mgeni Anafanyiwa Mtihani, Mwenyeji Je?

Ndugu zangu wa Kaagya, na ninyi wa Bukoba mjini na Muleba mnaozisoma barua hizi,

Kazi katika nyumba ya wazee hapa Bielefeld, Ujerumani, inaendelea, zamu za usiku zinachosha lakini mkate unapatikana. Leo naomba niache habari za baridi na bei za tiketi, kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu uchaguzi wa Februari.

Tarehe 23 Februari 2025 Wajerumani walipiga kura, na AfD, chama kinachotaka mipaka ifungwe na wageni wengi warudishwe makwao, kikapata asilimia 20.8 na kushika nafasi ya pili kitaifa. Maana yake, katika kila watu watano ninaopishana nao waliopiga kura, mmoja alikichagua. Kwenye redio, ndani ya tramu, kazini wakati wa kahawa, swali ni lile lile: je, wageni wametangamana na wenyeji au wanaishi kivyao? Mpwa wangu aliyeko Kamachumu naye akanipigia simu: "Mjomba, hivi nyie huko mmeshakubalika?" Nilimwambia jibu lake ni refu, asubiri barua.

Nianze na jinsi Ujerumani inavyompima mgeni. Tangu Januari 2005 kuna kozi rasmi iliyowekwa kisheria: saa 600 za lugha, na siku hizi saa nyingine 100 za historia, sheria na desturi za nchi. Anayeomba uraia anafanya mtihani wa maswali 33, na akipata 17 amefaulu. Mtihani huu sina ugomvi nao hata kidogo. Ukimwogesha mzee wa miaka tisini huku hujui kumwuliza kama maji yanamuunguza, unamtesa. Nawajua akina mama wa kwetu Afrika Mashariki waliokaa hapa miaka mingi bila lugha, na siku ya hospitali anayewatafsiria ni mtoto wa shule ya msingi. Mtoto ndiye anayemwambia mama yake kwamba ana uvimbe kwenye titi. Hilo siwezi kulitetea mbele ya mtu yeyote, na mzazi anayekataa kujifunza namwambia hivyo usoni.

Ila mtihani unaupima upande mmoja tu. Ubishi wote unahusu mgeni amefanya nini na ameshindwa nini. Mwenyeji anakaa kama msimamizi wa chumba cha mtihani, wakati historia ya nchi hii hii inaonyesha kwamba pale watu walipotangamana kweli, mwenyeji naye alitozwa.

Nililijifunza hili kwa bibi mmoja ninayemhudumia. Aliingia hapa akiwa mtoto, baada ya vita kwisha mwaka 1945, akitokea Silesia, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Poland. Mama yake na watoto walipangiwa chumba kimoja juu ya zizi la ng'ombe la mkulima ambaye hakuwataka. Shuleni waliitwa majina ambayo mpaka leo akiyataja sauti yake inabadilika. Na hawa walikuwa Wajerumani! Lugha moja, rangi moja, dini moja ya Kikristo. Ila Wakatoliki walitupwa vijiji vya Walutheri na Walutheri vijiji vya Wakatoliki, na wenyeji wakasema watu hawa ni wachafu, ni wavivu, wametujia kula. Sisi wa Bukoba, tunaojua zamani ilikuwaje mtoto wa Kilutheri akiposa binti wa Kikatoliki, tunaweza kuelewa kidogo uzito wake.

Wakimbizi na waliofukuzwa wa namna hiyo walikuwa takriban milioni 12, na kiasi cha milioni 8 kati yao waliangukia upande wa Magharibi, nchi iliyokuwa magofu. Kilichofanyika baadaye ndicho ninachotaka mkishike. Mwaka 1952 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha sheria ya kugawana mzigo wa vita. Mtu ambaye nyumba yake, shamba lake au kiwanda chake kilisalimika alitozwa nusu ya thamani ya mali yake kama ilivyokadiriwa mwaka 1948, akailipa kidogo kidogo kwa miaka 30. Fedha hizo zikaenda kwa waliopoteza kila kitu: wakajenga, wakafungua maduka, wakasomesha watoto. Kaskazini ya hapa kuna mji wa Espelkamp, ulioanzishwa kwa ajili ya wakimbizi hao mahali palipokuwa ghala la silaha za jeshi katikati ya msitu. Leo ukipita hapo utaona mji kama miji mingine. Yule bibi aliolewa na kijana wa kijiji kile kile kilichomkataa, na wajukuu wake hawajui tena nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji.

Sasa linganisheni na waliofuata. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki ili ipate wafanyakazi wa viwandani na migodini. Mwanzoni mpango ulikuwa mtu afanye kazi miaka miwili, arudi, aje mwingine. Waliwekwa kwenye mabweni kando ya viwanda. Kozi ya lugha iliyowekwa kisheria hawakuipata mpaka sheria ile ya 2005, na hapo baba aliyeingia akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano alikuwa anakaribia sabini. Miaka 44 nchi ilimhesabu kama mikono ya kazi, kisha ikamgeukia mjukuu wake na kumwuliza kwa nini familia yenu haijatangamana.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Mesut Özil, aliyezaliwa Gelsenkirchen, mjukuu wa wahamiaji hao, akatwaa Kombe la Dunia na Ujerumani mwaka 2014. Julai 2018 alijiuzulu timu ya taifa akilalamika kwamba timu ikishinda yeye ni Mjerumani, ikifungwa ni mhamiaji. Kuna mengi ya kubishana kuhusu ile picha aliyopiga na Rais Erdoğan wa Uturuki iliyozua balaa lote, na wapo Waturuki waliomlaumu. Malalamiko yake, hata hivyo, mimi niliyaelewa bila kuelezwa.

Mpwa wangu, wewe uliuliza kama sisi tumekubalika. Nitakuonyesha mahali pamoja nilipokubaliwa, ulinganishe mwenyewe.

Ujerumani kuna bustani za kukodi pembezoni mwa miji, kila kipande kisichozidi mita za mraba 400, zinazosimamiwa na vyama vya wakulima wa bustani. Kanuni zake ni kali: kimo cha ua wa miti kimepangwa, kibanda kina ukubwa wake, na theluthi moja ya eneo lazima iwe mboga na matunda. Nilipopata kipande changu nililima kama tulivyofundishwa na mama zetu: maharage yakipanda kwenye mahindi, maboga yakitambaa chini, kila kitu pamoja. Jirani yangu, fundi mabomba mstaafu, alisimama kwenye ua akatazama muda mrefu. Nikajua ananihesabia makosa. Akauliza, "Haya maharage huyatafutii miti?" Nikamweleza kwamba mhindi ndio mti wake. Mwaka uliofuata na yeye alipanda hivyo, na mbegu alikuja kuniomba mimi.

Jambo kubwa zaidi lilitokea kwenye mkutano mkuu wa chama. Kila mwanachama anadaiwa saa za kazi ya pamoja: kufyeka njia, kukarabati bomba, kupaka rangi ukumbi. Mwenyekiti alisoma majina ya wasimamizi wa kazi hizo na jina langu likawamo. Nikapewa ufunguo wa ghala la zana na daftari la kuandika nani amekuja na nani ametega. Wajerumani wenye mvi wakawa wananiambia, samahani bwana, Jumamosi hii sitaweza. Katika mkutano huo nilipiga kura juu ya ada ya maji, na kura yangu ilikuwa sawa na ya mzaliwa wa hapa. Hakuna cheti cha lugha kilichonipa hali niliyoisikia siku ile. Nilikabidhiwa kitu ambacho ningeweza kukiharibu, wakaniamini nisikiharibu.

Nchi yenyewe, kwa upande wake, hainipi kura. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria mpya inaniruhusu kuomba uraia bila kuukana wa kwetu. Kizuizi kiko Tanzania. Sheria yetu inasema mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari, Utanzania wake umekwisha, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumgawia asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Serikali imechagua njia ya hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walio nje badala ya uraia pacha, na nasubiri nione itafanya kazi vipi vijijini. Kibanja cha Kaagya ndimo alimolala baba yangu, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siwezi kwenda pale nikiwa na karatasi ya mwekezaji. Kwa hiyo kodi nalipa Bielefeld, na wanaonijadili Bielefeld wanachaguliwa na wengine.

Hapa ndipo nataka kuwasemesha ninyi, wazee wangu, na naomba mnivumilie, maana nasema kwa uchungu.

Sisi Wahaya tunajua ugeni kwa pande zote. Masimulizi ya wazee yanasema Wahinda waliotutawala walitoka nje, wakaishia kusema lugha ya waliowakuta. Babu zetu wenyewe walivuka kwenda Buganda kutafuta kazi na biashara. Na enzi za Waingereza, kahawa ilipotajirisha Bukoba, watu wa Ruanda-Urundi walivuka kuja kulima mashamba yetu. Wengine hawakurudi. Wajukuu wao wanasema Kihaya kisicho na lafudhi, wanapalilia migomba yetu na kubeba ndoo za pombe kwenye arusi zetu. Lakini nani kati yetu hajasikia mtu wa namna hiyo akiitwa kwa jina la kabila badala ya jina lake?

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke kwa hiari. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Najua kilichoileta: ujambazi ulikuwa wa kweli, mabasi ya Ngara na Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye bunduki, watu waliuawa. Lakini pamoja na majambazi walifagiwa wazee walioingia tangu miaka ya sitini, na wake walioolewa na Watanzania wakaachanishwa na watoto. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka wa Rusumo na magodoro kichwani. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofaulu kila mtihani ambao Mjerumani angeweza kuutunga: lugha, kazi, ndoa, miaka.

Na nchi yetu inajua kufanya vizuri zaidi. Miaka ya mwanzo ya themanini ilitoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Warundi waliotukimbilia mwaka 1972, wale wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wakiwa zaidi ya 160,000. Serikali ilikuwa imewapa sharti la kuhama makazi hayo na kutawanywa mikoa mingine, eti ndipo watangamane. Mwaka 2014 vyeti vilipotolewa, sharti lile likaachwa, wakaruhusiwa kubaki kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi niliyoiona Ulaya.

Wahenga wetu walikuwa na omukago. Wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjwa tumboni, damu kidogo ikapakwa kwenye buni ya kahawa, kila mmoja akala yenye damu ya mwenzake. Wote wawili walichanjwa. Hakukuwa na omukago ambao mmoja anavuja damu na mwingine amekaa kwenye kigoda akitazama kama amevuja ya kutosha. Tangu siku hiyo deni la undugu liliwabana wote sawasawa.

Basi mpwa wangu, nina ombi, na ukilitimiza nitakuwa nimelipwa kwa barua hii. Nenda kwa mzee anayetunza daftari la kikundi cha kuzikana kule Kaagya. Mwambie nimekutuma. Tazama kama jina la yule baba mgeni anayelima kibanja chetu limo. Amekaa kwetu tangu kabla hujazaliwa, na kila msiba wa jirani amekuwa akichimba kaburi. Kama halimo, uliza kiingilio ni kiasi gani, nitatuma Ijumaa. Uliza pia kama watoto wake wamekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kama wameikosa, uliza nani hakukubali kuwashuhudia. Ukishapata majibu nipigie Jumapili jioni, nitakuwa nimetoka zamu.