Busti Si Mshahara

Wasee, leo naongea na wale wa Travian, lakini hata kama hujawahi kuicheza, kaa hapa dakika mbili.

Hii gemu ya Wajerumani iko tangu 2004. Unapewa kijiji, unazalisha mbao, udongo, chuma na nafaka, na kila kitu kinahesabiwa kwa saa. Ukilipa dhahabu ya gemu, uzalishaji unapanda asilimia 25 kwa siku chache. Mimi nililipia mapema sana, kijiji kikitoa mbao 40 kwa saa. Busti ikaniongezea 10. Kumi tu! Mwenye 400 analipa bei ileile anapata 100. Asilimia ya kidogo ni kidogo. Panua mashamba kwanza.

Pili, angalia ghala. La mwanzo linabeba 800. Likiwa tupu na unazalisha 100 kwa saa, linajaa kwa masaa nane. Na busti ni 125, linajaa kwa masaa sita na nusu hivi, halafu linasimama. Lala saa nne usiku, amka saa kumi na mbili asubuhi: mwenye busti ana 800, asiye na busti ana 800. Umelipia usingizi.

Tatu ndiyo inaua watu: nafaka. Wakazi na askari wanakula kila saa. Tuseme unazalisha 200 na wanakula 190, unabaki na 10. Weka busti, unazalisha 250, unabaki na 60. Unajiona tajiri, unaongeza askari 50 wa kula nafaka moja moja. Siku busti inaisha unarudi 200, lakini walaji sasa ni 240. Ghala likiisha, askari wanaanza kufa njaa. Na wewe hukuvamiwa na mtu.

Hii hesabu niliijua vizuri kwa skrini. Kwa maisha nikaifeli.

Nilipopata nafasi ya chuo Nairobi, abti aliuza ngamia wawili hapa soko la mifugo Garissa. Mifugo yenyewe ilikuwa imebaki kidogo, maana kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Hiyo pesa ilikuwa busti. Mimi nikaichukua kama uzalishaji. Nikakodi bedsita nzuri, nikanunua simu ya kurekodi, nikazoea kula nje. Sikuajiriwa popote, sikuzalisha hata shilingi. Mwaka wa pili pesa ikakata, gharama zikabaki palepale. Nikapanda basi la kurudi nyumbani na begi moja, nikiwaambia watu nimekuja likizo.

Hooyo hakunigombeza. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, na hajui Travian ni nini, lakini hiyo hesabu anaiishi. Mvua za Gu zikinyesha, mitungi inajaa mpaka bei inashuka. Jilaal ikiingia, ukame wenyewe, mitungi inakuja nusu. Sijawahi kumwona akikopa kwa kutegemea maziwa ya Gu. Deni na chakula cha nyumba anavipima kwa maziwa ya Jilaal. Ya Gu ni ya kulipa madeni na kununua mbuzi.

Kwa hivyo, kabla hujalipia busti yoyote, jiulize mambo matatu. Bila hiyo busti nazalisha ngapi? Ghala langu linabeba ngapi? Na ikiisha, nani atakuwa bado anakula?

Mwezi uliopita video yangu moja ililipa kuliko zote nilizowahi kutoa. Nikaanza kuangalia bei ya kamera. Hooyo akaniuliza, "Hii ni ya Gu ama ya Jilaal?"

Nikanyamaza kidogo. "Ya Gu, hooyo."

Akaninyooshea simu yake. Namba ya abti ilikuwa tayari imefunguliwa.