Kipa Aliyelala Miaka 67 Bila Jina

Watu wa Kisii na Nyamira, hebu niwaulize. Mkiwa Gusii Stadium mnapiga kelele "Tore Bobe", straika wa Shabana mnamjua, Henry Motego hata mtoto aliyezaliwa juzi amesimuliwa. Sasa nitajieni kipa. Kimya, si ndiyo?

Basi leo nimewaletea kipa. Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, Ghana, mwaka wa 1865. Alipelekwa Uingereza kusomea umishonari, akaacha masomo akafuata michezo. (Mimi niliyeacha chuo sisemi kitu hapo, lakini hiyo sehemu nimeisoma mara mbili.) 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, rekodi. Msimu uliofuata akadakia Preston North End hadi nusu fainali ya Kombe la FA. 1889 Rotherham Town ikaanza kumlipa, ndiyo maana anatajwa kuwa mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa duniani. Inasimuliwa alikuwa akining'inia kwenye mwamba wa goli na kunasa mpira kwa miguu. Jamaa alikuwa na madoido!

Sheffield United ilimchukua 1894, kumbe langoni kuna Bill Foulke, jitu la mtu. Wharton akawa wa benchi. Alistaafu 1902 akiwa Stockport County.

Halafu? Mgodi wa makaa ya mawe. Alifariki 1930, akazikwa Edlington kwenye kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa 1997. Sisi mtu akifia ng'ambo tunachanga hadi senti ya mwisho mwili urudi, azikwe kwao kando ya migomba. Huyu alilala miaka 67 bila hata maandishi.

Nayaandika haya kwa sababu ya binamu yangu, kipa wa timu ya kijiji kule upande wa Keroka. Kuna mtu amemwahidi timu ng'ambo, na baba mdogo anataka kuuza ng'ombe wa maziwa alipe ada. Nikamsimulia habari za Wharton yote, mgodi na kaburi. Akaniuliza swali moja tu: "Lakini alikuwa anadaka kweli?"

Nikamwambia, alikuwa moto.

Akacheka, akavaa glavu akaenda mazoezini. Ng'ombe bado yuko zizini. Huyo mtu naye mpaka leo hajaleta karatasi hata moja ya mkataba.